Kareto la Shangazi Haula

Sumaia alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila asubuhi aliamka akiwa bado na uchovu wa jana. Si kwamba kuna mtu alimwonea. Kazi ndizo zilizokuwa nyingi, na watu wa kuzifanya walikuwa wawili tu, yeye na shangazi yake Haula, na kati yao mikono iliyofanya kazi ilikuwa mitatu.

Baada ya swala ya alfajiri alifukua makaa, akachemsha chai ya mchaichai, akamsaidia shangazi kufunga leso kichwani. Kisha walishuka taratibu hadi ukingoni, pale Namoto, upande wa Msumbiji, ambapo mto Ruvuma unaingia baharini. Sumaia alibeba ndoo na fimbo ya kuvulia. Shangazi alitembea nyuma yake akiuburuta mguu wa kushoto. Wachuuzi waliokuwa wakisubiri kuvushwa ng'ambo, upande wa Tanzania, walikwisha kuwazoea.

"Haula, leo utatupatia kolekole?" mwanamke mmoja aliuliza akiwa amekalia mzigo wake wa vitenge.

"Mwulize kolekole mwenyewe," shangazi alijibu bila kusimama. "Mimi nakwenda kumbembeleza tu."

Zamani Shangazi Haula alikuwa mchokoaji wa pweza. Maji yakipwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika miambani, na wa mwisho kurudi. Halafu, mwaka ule watu waliporudi makwao kutoka ukimbizini, kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono wa kushoto haukurudi. Miambani hakuweza kwenda tena, kwa kuwa mtu anayeteleza juu ya miamba anahitaji mikono yote miwili ya kujizuia. Mshipi wa kawaida nao hakuuweza, maana mshipi huvutwa kwa mkono huu na kupokelewa kwa mkono ule.

Kilichomwokoa ni kareto. Kareto, kwa asiyejua, ni gurudumu dogo linalofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunjia mshipi. Mengi huzungushwa kwa mkono. Lile la shangazi lilijikunja lenyewe. Ndani yake mlikuwa na springi ndefu iliyoviringwa kama mkeka. Ukivuta mshipi kwenda nje, springi inakazika. Ukibonyeza kipande cha chuma kilichochomoza pembeni, ambacho wao walikiita ulimi, springi inaachia na mshipi unarudi ndani mbio, zzzz, bila mtu kuzungusha chochote. Rajabo, baba yake Sumaia, ndiye aliyeliokota sokoni Mtwara katika rundo la vitu vya mitumba. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alidhani ni sehemu ya saa ya ukutani.

Basi shangazi alirusha ndoano yake ya manyoya ya kuku kwa mkono wa kulia, akavuta mshipi kwa meno ili kuuongeza, kisha akawa anabonyeza ulimi kidogo kidogo ili manyoya yarukeruke majini kama kidagaa kilichojeruhiwa. Kolekole wadogo walidanganyika. Siku nyingine hata mzia alidanganyika. Watoto walikuja kutazama namna alivyouma mshipi, na wengine walicheka. Shangazi hakuwajali, alikuwa na kazi.

Rajabo alikuwa na kibanda cha biashara Awasse, kwenye njia panda, mbali na bahari. Alikuwa amemwacha Sumaia Namoto ili amsaidie shangazi yake, lakini kila alipopita kwenda Mtwara alitazama ile nyumba yao ya makuti na kutikisa kichwa.

"Dada, hamieni Awasse," alisema safari ya mwisho. "Mimi nina chumba. Mtakula ninachokula."

"Awasse nitafanya nini? Nikae mlangoni nihesabu malori?"

"Upumzike."

"Nimepumzishwa mkono, yatosha."

Rajabo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu kuwaza watu walio mbali. Mwisho akasema, "Sawa. Idi nitakuja na gari. Nikikuta mnakula kwa jasho lenu, nitakunywa chai nigeuze. Nikikuta mnalala na njaa, mtapanda garini wote wawili, na sitaki maneno."

Tangu siku hiyo kareto lile lilikuwa ndilo linaloshikilia nyumba. Shangazi alilijua hilo, na Sumaia alilijua pia, ingawa kuna siku alipokuwa amebeba maji kichwani alifikiri Awasse kuna mama yake, kuna wadogo zake, na pampu iko jirani na nyumba. Halafu alimtazama shangazi akiwa amesimama ukingoni na fimbo yake, ameinua kidevu, na akalionea haya wazo lile.

Kazi ya Sumaia ilikuwa kulitunza kareto. Maji ya chumvi ni adui wa chuma, na springi ikishapata kutu haina dawa. Kila walipotoka kuvua alitakiwa kulimwagia maji baridi yasiyo na chumvi, kulifuta kwa kitambaa, kulianika kivulini, kisha kutia tone la mafuta ya cherehani penye ulimi na penye mhimili. Ni kazi ndogo ukiisimulia. Tatizo lilikuwa maji. Kisima cha karibu kilikuwa na maji ya chumvichumvi, yasiyofaa hata kupikia maharage. Maji mazuri yalikuwa kwenye furo, kisima cha pampu kilichoko kule juu karibu na shule, na foleni yake ilianza kabla ya jua. Sumaia alienda huko baada ya kuvua, akarudi na dumu kichwani, akapika, akaenda shule zamu ya mchana, na jioni akaenda tena.

Siku moja pampu ilikuwa inatoa maji kwa kikohozi. Sumaia alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi na nusu dumu. Alitoa ya kunywa, akatoa ya kupikia, akatoa ya shangazi kutawadhia. Yaliyobaki hayakufunika hata chini ya sufuria. Akalitazama kareto lililoning'inia mlangoni. Lilikuwa linang'aa vilevile.

"Kesho nitaliosha mara mbili," alijiambia.

Kesho yake alichelewa shule, hakuliosha hata mara moja. Keshokutwa alisinzia darasani hadi mwalimu wake, professora Dulce, akamwinua kichwa kwa kidole, na aliporudi nyumbani hakukumbuka kareto wala chochote. Alilala na sare. Baada ya hapo kutoliosha kukawa ndiyo desturi. Alitia tone la mafuta ya cherehani juu ya chumvi iliyokauka, akafuta kwa nje, akalitundika. Kwa macho lilikuwa safi.

Masikio hayakudanganyika. Asubuhi moja shangazi alibonyeza ulimi na kareto likakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga.

"Sumaia, linaoshwa hili?"

"Linaoshwa, shangazi."

"Kwa maji ya furo?"

"Ya furo."

Shangazi akauma mshipi, akarusha tena. Sumaia alisimama nyuma yake na ndoo, akijua kwamba sasa hana budi kulifanya kareto linyamaze kabla ya kesho.

Jioni ile alipitia kwa akina Yassine, mwanafunzi mwenzake. Baba yake Yassine alitengeneza mashua, na Yassine mwenyewe alikuwa amechuchumaa chini ya mashua moja iliyopinduliwa, akizipaka mbao zake mafuta meusi kwa tambara. Harufu yake ilimfika mtu akiwa bado njiani. Ilikuwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo watu wa pwani huyapaka mashua ili maji yasiingie.

"Hii inazuia chumvi?" Sumaia aliuliza.

"Inazuia kila kitu. Hata wageni wanazuiwa, hawakai kwetu zaidi ya salamu."

"Na chuma?"

Yassine alifikiri kidogo. "Baba anapaka misumari kabla ya kuigongelea. Mashua hii ina umri mkubwa kuliko mimi na haijaoza. Unataka ya nini?"

"Ya kitu tu."

"Chukua kwenye kifuu. Usimwage, baba atanisema."

Ukimwambia mtu wa bara asiyejua bahari apake kareto sifa, atakuuliza sifa ni nini na mambo yataishia hapo. Lakini Sumaia alizaliwa kando ya mashua. Tangu akiwa mdogo aliona kila kinachoingia baharini kikipakwa sifa, na kila kilichopakwa kikidumu. Hakuwaza kwamba ubao unataka mafuta yanayoganda na kuziba, na kwamba gurudumu linataka kinyume chake. Aliyamimina mafuta yale ndani ya kareto kupitia tundu la mshipi, akatikisa, akamimina tena.

Na asubuhi yake kareto likaenda laini, bila sauti. Sumaia alikaribia kulia kwa nafuu.

"Mbona kama nasikia harufu ya sifa?" shangazi aliuliza, pua yake ikiwa karibu na fimbo.

"Jana nilipita kwa akina Yassine. Wanapaka mashua. Labda nguo yangu."

"Haya," alisema shangazi.

Siku kadhaa zikapita vizuri. Shangazi alipata samaki wa kula na wa kubadilishana na unga wa muhogo. Sumaia akaacha kabisa kuliosha kareto, akawa analala mapema. Humo ndani, sifa ilikuwa inakauka. Ilishika chumvi, ikashika mchanga, ikageuka kitu kama utomvu wa mfenesi.

Idi ilipokuwa imebaki juma moja, maji yalijaa vizuri na kolekole walikuwa wakiruka karibu na mikoko. Shangazi alitaka kuwafikia. Alivuta mshipi kwa meno, akavuta tena, akatoa karibu wote, na springi ikakazika hadi mwisho. Akarusha. Manyoya yalitua mahali penyewe hasa, na samaki mmoja, mkubwa kuliko wote waliowahi kuwaona, akayameza.

Shangazi akabonyeza ulimi. Kareto halikusogea.

Akabonyeza tena. Mshipi ulilegea majini, samaki akageuka, mshipi ukakaza ghafla. Kwa mazoea shangazi aliudaka kwa meno. Alikuwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umeshika fimbo, angefanya nini kingine? Samaki alivuta. Mshipi ulipita pembeni mwa mdomo wake, kisha ukakatika, na maji yakatulia.

Sumaia alikimbia. Damu ilikuwa inachuruzika kidevuni mwa shangazi, kidogo lakini nyekundu kweli. Shangazi aliketi palepale mchangani, fimbo mapajani, akawa anabonyeza ulimi wa kareto. Alibonyeza mara nyingi, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

"Si kitu," alisema mwishowe, akijifuta kwa upindo wa leso. "Ngozi tu. Twende kwa mestre."

Mestre Cândido alikuwa fundi wa mashine za boti. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya maegesho ya boti, lenye meza moja iliyolowa oili ya miaka. Alikuwa mtu mzima, Mmakonde aliyeteremka kutoka nyanda za juu zamani na kuoa huku. Jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho, na lile lililobaki halikuona vizuri, kwa hiyo alipofanya kazi aliinamisha uso hadi pua ikagusa chuma.

"Shikamoo, mestre," alisema Sumaia.

"Marahaba. Haula, mdomo umefanya nini?"

"Umevua samaki peke yake. Nitazamie hiki kitu, Cândido. Kimekataa."

Fundi alilipokea kareto, akalipima uzito kiganjani. Alibonyeza ulimi. Akajaribu kuzungusha gurudumu kwa kidole gumba. Halikwenda mbele wala nyuma.

"Limetunzwaje?"

"Linaoshwa kila siku kwa maji ya furo na kutiwa mafuta ya cherehani," alisema shangazi. "Mtoto huyu ndiye anayelitunza. Hasahau."

Sumaia alitazama vidole vya miguu yake.

"Kila siku?" fundi aliuliza, akimgeukia.

"Kila siku," Sumaia alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Basi ni hivi," alisema Cândido, akilifunga kareto kwenye jiliwa. "Lingekuwa chafu, ningesema limeganda, na hapo singeligusa, maana springi iliyokazwa ina hasira. Ukiifungua inaruka kama wembe. Lakini kitu kinachooshwa na kutiwa mafuta kila siku hakigandi. Kikikataa, ujue springi imekatika ndani na kipande kimekwama, na springi iliyokatika haina nguvu yoyote. Naifungua, tunaona kama kuna kipande cha kuokoa."

Akachukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Skrubu ya pili ilikuwa ngumu kidogo, akaikaribia zaidi, hata kope zake zikawa karibu zinagusa kifuniko.

Sumaia alisikia kila neno, na kila neno lilikaa mahali pake kichwani. Fundi alikuwa amehesabu vizuri kabisa. Kosa halikuwa kwenye hesabu yake, lilikuwa kwenye kitu alichoambiwa. Springi haikuwa imekatika. Ilikuwa mle ndani, imekazwa na mshipi mzima, inangoja, na uso wa mzee ulikuwa juu yake. Mbele yake yeye kulikuwa na shangazi, ambaye alikuwa ametoka kusema mbele ya mtu kwamba mtoto huyu hasahau.

Skrubu ya pili ikatoka. Bisibisi ikaingia kwenye ya tatu.

"Mestre, usifungue."

Cândido hakuinua uso. "Nini?"

"Toa uso. Usifungue. Springi haijakatika." Alikuwa ameshamshika mzee mkono wa shati bila kujua. "Mimi sikuliosha. Nilisema naliosha lakini sikuliosha. Likakwaruza, nikatia sifa."

Cândido aliondoa bisibisi polepole, akarudi nyuma hatua nzima, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilitazama kareto, kisha akajipapasa shavu chini ya jicho lake lile zima.

"Sifa," alisema. "Umepaka gurudumu sifa kama mashua."

"Ndiyo."

"Jicho moja limeshastaafu, mtoto. Hili likienda nitaazima la nani?"

Sumaia alianza kulia. Hakuwa na nguvu hata ya kulia vizuri, machozi yalitoka tu. Shangazi Haula alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika mkono wake uliokufa kwa mkono ulio hai, na alionekana mzee kuliko asubuhi. Sumaia angependelea apigwe.

Cândido alirudishia zile skrubu mbili, akazikaza. Alilitumbukiza kareto kwenye kopo la mafuta ya taa, akaweka kopo kando. "Sasa tunangoja," alisema. Wakangoja. Nje wavushaji waliitana majina ya abiria, na mashine ya boti ikawaka, ikazima, ikawaka tena.

Kivuli cha mlango kilipokuwa kimesogea hadi miguuni mwao, fundi alilitoa kareto, akalifunga upya kwenye jiliwa, akalifunika kwa gunia lililokunjwa. Akawaambia wakae nyuma yake. Kisha akaingiza kijiti chini ya gunia na kuusukuma ulimi. Mwanzo hakukutokea kitu. Akasukuma tena, na gurudumu likaachia. Gunia liliruka mezani kama lina panya ndani, na ncha ya mshipi iliyokatika ikatoka ikichapa huku na huku, ikaangusha kikombe cha chai cha fundi kikavunjika chini.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inanitazama," alisema Cândido.

Alipofungua kifuniko safari hii, springi ilikuwa imelala, haina nguvu tena, imezungukwa na uchafu mweusi wenye kunata. Haikuwa imekatika. Palikuwa na kutu kidogo tu kwenye ukingo. Cândido alimpa Sumaia unyoya wa kuku na mafuta ya taa, akamwonyesha pa kusugua na pasipotakiwa kuguswa, kisha akaenda kufanya kazi zake nyingine. Sumaia alisugua hadi mkono ukamuuma. Walipoondoka, kareto lilikuwa likisema zzzz, na fundi hakutaka chochote.

"Nitamla samaki wa kwanza," alisema. "Na kikombe utanitafutia wewe mdogo."

Walishika njia ya nyumbani. Katikati ya njia mguu wa shangazi ulikataa, wakaketi juu ya gogo la mkoko kando ya barabara.

"Shangazi, nisamehe," alisema Sumaia.

"Nilinusa," alisema shangazi. "Siku ile ulipotaja nguo yako. Nimekaa na harufu ya sifa miaka yangu yote, nitashindwa kujua inatoka wapi? Niliinusa kwenye kareto, nikanyamaza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nimechoka. Nikataka iwe kweli ulichosema, ili nisiulize zaidi. Hilo ni kosa langu, na nalibeba." Alijigusa kidonda cha mdomo. "Sasa sikiliza la kwako. Kuchoka si dhambi. Wewe ni mtoto na kazi yako ni ya watu wazima wawili. Ungeniambia, shangazi, leo maji hayakutosha, leo nimeshindwa, tungekaa siku moja bila kuvua, tungekula ugali mkavu, na kareto lingekuwa salama. Chumvi ya siku moja inaoshwa. Lakini umeniambia limeoshwa, mimi nikamwambia Cândido limeoshwa, na yeye akaweka jicho lake juu ya neno lako. Umeona neno linavyotembea? Lilitoka kwako mlangoni kwetu, likafika hadi kwenye uso wa mtu asiyekukosea lolote."

Sumaia alifuta pua kwa kiganja.

"Mkono wangu huu ulipokufa," shangazi aliendelea, "shida ya kwanza haikuwa kuvua. Shida ilikuwa kwamba nauambia shika, nadhani umeshika, na kikombe kinaanguka. Nilivunja vikombe vingi kabla sijaukubali. Wewe ndiye mkono wangu wa pili sasa. Ukiwa umeshika, sema umeshika. Ukiwa umeshindwa, sema umeshindwa. Nikijua, sitakuwekea kikombe."

Wakapumzika mpaka mguu ukakubali, wakaendelea.

Kuanzia siku hiyo walibadili mambo. Shangazi alifahamu kwamba kareto halihitaji kuogeshwa kama maiti. Bakuli moja la maji ya furo lilitosha, na maji hayohayo walinawia miguu ya mchanga. Siku ambayo pampu inakohoa, hawakuvua. Mara ya kwanza Sumaia aliposema "shangazi, leo maji hayatoshi", alingoja kukaripiwa. Shangazi alitundika tu fimbo, akarudi kulala.

Idi ilipofika Rajabo alikuja na gari, nyuma likiwa tupu kwa ajili ya mizigo yao. Alikuta kolekole wawili wamepakwa pilipili wanachomwa, na mestre Cândido ameketi mkekani akila samaki wake kwa utulivu, pembeni yake kikombe kipya cha udongo. Rajabo alitazama jikoni, akatazama kidonda kilichokuwa kinapona mdomoni mwa dada yake, akataka kusema neno.

"Kunywa chai," alisema shangazi Haula.

Rajabo alikunywa chai. Alimbusu Sumaia kichwani, akamwachia mche wa sabuni kutoka kwa mama yake, akageuza gari.

Jioni, wageni walipokwisha ondoka na vyombo vikiwa bado vimetapakaa, Sumaia alisimama mlangoni. Kareto lilikuwa linaning'inia na chumvi yake ya asubuhi.

"Shangazi, leo nimechoka," alisema. "Kareto bado sijaliosha."

"Lilete," alisema shangazi.

Akalishika kwa mkono wake wa kulia juu ya bakuli, Sumaia akamimina maji na kufuta, na kazi ikaisha kabla birika halijachemka.